Wifi Aliponitoa Kwenye Benchi la Mbele

Salamu nimeshazitoa mlangoni, sizirudii. Naitwa Mwanahamisi, mama Rehema, wa Dimani. Mmeniomba nisimulie nilivyougua mguu nikapona, ili mwenye mtoto kama wangu apate moyo. Nitasimulia. Lakini wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, ameketi pale kwenye mkeka karibu na mlango. Naomba asitoke mpaka nimalize.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa jembe. Rehema ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Hasemi, shingo haikai sawa, na jua kali likimpiga degedege humshika. Baba yake yuko Mbagala, tunamsikia kwenye simu. Basi nikilima mpunga, Rehema yuko kivulini; nikienda sokoni, yuko mgongoni. Sina wa kumwachia.

Masika yaliyopita nilikuwa napalilia, kisiki cha tete kikanichoma unyayoni. Nikakichomoa, nikatia chumvi, nikaendelea. Siku ya tatu mguu ulivimba hata kifundo hakionekani, na mtoki ukanikaa kinenani. Usaha ulitoka katikati ya vidole, unanuka mpaka mwenyewe nageuza uso.

Nikamfunga Rehema mgongoni, tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya. Pale barazani kuna benchi la mbele, ukutani pameandikwa wazee, wajawazito na walemavu. Nikakaa, nikampakata mwanangu. Zuhura alikuwa kwenye foleni, amekuja kupima presha. Akapaza sauti:

"Wifi, leo anaumwa nani? Rehema mzima, anacheka. Mgonjwa si wewe? Ati umemfanya mtoto tiketi!"

Watu wakacheka. Baba mmoja akaongeza, "Kweli, mama, panga foleni kama wenzio."

Nilijiona mwizi. Na niseme ukweli, Zuhura hakusema uongo: mgonjwa nilikuwa mimi. Nikainuka, nikaenda mwisho wa foleni, juani, nachechemea na mtoto mgongoni. Adhuhuri macho ya Rehema yakaanza kugeuka. Hiyo ndiyo dalili. Nikatoka mbio, kama zile ni mbio, nikamlaza kwenye kivuli nje ya geti na kumpepea kwa kanga. Alipotulia nguvu zilikuwa zimeniishia. Nikarudi nyumbani bila kuonwa na daktari.

Kesho yake sikwenda tena. Niliona haya. Haya, jamani, ndiyo iliyotaka kuniua.

Siku iliyofuata jirani alisikia Rehema analia tangu alfajiri. Akanikuta sakafuni, natetemeka, sijitambui. Mtoto yuko kando yangu, hajala wala hajabadilishwa nguo. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo: ningekufa pale, na yeye hawezi hata kuita mtu.

Akatupakia bodaboda mpaka kituoni. Daktari akautazama mguu, akatikisa kichwa. "Mama, ungefika juzi vidole hivi vingepona."

"Nilifika."

"Nani alikurudisha?"

Nikalitaja jina la Zuhura, na la ukoo wake. Ukoo hakuuliza, nilimpa tu.

Akaniambia, "Lile benchi haliulizi anaumwa nani. Ni la asiyeweza kukaa juani. Mwanao anaweza?"

Walinikata vidole viwili. Wakaupasua unyayo, wakakamua, kila siku wakasafisha. Kila walipogusa kidonda nililia, na kila nilipolia nilimlaani Zuhura. Jirani alikaa na Rehema mpaka nyama mpya ilipoota nikaweza kukanyaga. Zuhura aliniletea uji na pole zake. Uji nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mwezi uliopita goti lake likavimba. Akaja kwangu asubuhi, mpole, sauti ya asali. "Wifi yangu, niazime Rehema leo. Foleni ndefu, nami goti hili..."

Nilicheka mpaka nikashika mwimo wa mlango. "Mtoto haazimwi kama kinu."

Siku hiyo Rehema alikuwa na kliniki yake. Tukakaa benchi la mbele, tukaonwa, tukapewa dawa. Kwenye benchi sikurudi, maana haki yetu ilikuwa imekwisha. Nikaketi chini kivulini na mwanangu, nikamtazama Zuhura anavyosimama kwenye foleni, juani. Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru jirani yangu. Mnaoniambia nisamehe, nimejaribu, haijaja.

Wenzangu, ukienda bila mtoto, panga foleni, hata kama kitambulisho chake cha ulemavu kiko mkobani. Ukiwa naye, kaa mbele, awe anaumwa yeye au unaumwa wewe. Na atakayekuuliza anaumwa nani, usibishane naye. Fungua mbeleko, mpe mtoto, asimame naye juani mpaka foleni iishe.

Rehema huyu hapa. Zuhura, inuka. Njoo umbebe.