Nilimgeuzia Dada Kibla

Shule niliiacha darasa la tano, lakini ukipita Bagamoyo ukaona ghorofa jipya, uliza kokoto zake zimetoka wapi. Zimetoka Lugoba, kwa malori yangu. Mtu wa namna hiyo huzoea kusikilizwa. Kwa hiyo dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alipoanguka jikoni, ukoo mzima ulingoja neno langu.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa, haikuonyesha kitu. Daktari, binti mdogo, akanieleza kuwa picha ile haioni vizuri shina la ubongo, kule chini unakoungana na uti wa mgongo. Tumpeleke Dar akapimwe MRI. Nikamwambia picha nimeiona mwenyewe, safi, na mimi sifundishwi na mtoto. Nikamrudisha dada nyumbani.

Siku mbili hakutikisa kidole wala hakutamka neno. Macho tu, wazi. Nikasema huyu anakata roho. Tukamgeuzia kibla, wazee wakamsomea Yasini. Nami nikasimama kando ya kitanda na sauti yangu ya machimboni, nikapanga: kaburi liwe karibu na baba, sanda juu yangu, chumba chake tukivunje tupanue duka. Shemeji akaninong'oneza tukazungumzie nje.

"Unamwonea haya gogo?" nikamjibu.

Binti wa dada ndiye aliyeona machozi yakimtiririka mama yake. Hakuniuliza. Alikodi gari wakaenda Dar, nami nikafuata nyuma nikifoka.

Daktari wa huko alinionyesha kwenye picha ya MRI doa dogo jeupe katikati ya shina. Mshipa umeziba hapo, akasema, ni kiharusi kisichoonekana mara nyingi: mwili wote umefungwa, akili nzima, masikio mazima. Nikauliza tangu lini anasikia.

"Hakuacha kusikia, mzee. Mwulize. Akitazama juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana."

Nikapiga magoti, mimi nisiyempigia mtu.

"Dada, nimekukosea. Umeniwia radhi?"

Hakutazama juu, hakufumba. Alinitazama mimi, mpaka nikainamia sakafu. Binti yake akamwuliza kama anataka nitoke.

Akafumba macho.

Nikavuta kiti. Tangu hapo sipitishi siku bila kwenda kukaa naye. Namsimulia habari za nyumbani, ananijibu kwa macho. Lile swali la radhi sijathubutu kulirudia.