Kamera Ilituliza Mkono, Shangazi Je?

Juzi kule Kigombe, binamu yangu anayekwenda kufanya kazi Omani alimwita mpiga picha ampige mama yake picha ya kuondoka nayo. Sebule ilikuwa na kiza, na macho ya shangazi hayapatani na flashi.

"Usijali, bibi," alisema mpiga picha. "Hata ikipiga polepole kwa ajili ya hiki kiza, kamera hii inautuliza mkono wangu."

Akapiga. Mkeka na birika vilitoka safi. Shangazi, aliyekuwa akiongea, alitoka ukungu mtupu.

"Bibi, kamera inanituliza mimi tu. Nyamaza kidogo."

"Nanyamaza, mwanangu. Namwambia tu huyu, akifika huko asilale na njaa..."

Akapiga nyingine kadhaa; zote zikatoka vilevile. Binamu yangu alichagua yenye ukungu kuliko zote.

"Hii ndiyo inafanana naye," alisema, akijifuta machozi.

Mpiga picha alinitazama nimsaidie. Ningemsaidiaje, na shangazi alikuwa hajamaliza kuongea?