Wimbo wa Bibi wa Ghorofa ya Juu

Nakumbuka siku niliyomgeuza bibi wa watu kuwa kondoo. Mwanangu, usicheke. Mimi nina miaka kumi na sita, wewe mdogo wangu tisa, kwa hiyo leo mzee ni mimi.

Maksim, rafiki yangu wa ghorofa ya juu hapa mtaani kwetu ughaibuni, Thornton Heath, alitembelewa na bibi yake kutoka Udmurtia, huko ndani ya Urusi. Waudmurti wana lugha yao, ndugu wa mbali wa Kifini. Bibi alikuwa jikoni akifinya kingo za vijimkate vya uyoga, huku akiimba wimbo usio na maneno.

"Ni wake mwenyewe," Maksim akaniambia. "Kijijini kwao mtu huwa na wimbo wake."

Wallahi nilihisi theluji inaanguka mle jikoni, taratibu, juu ya birika na viatu vyetu vya shule.

Nami nikafanya nini? Nikamrekodi, nikachomeka milio ya kondoo, nikairusha kwenye grupu la darasa. Watu wakafa kwa kicheko. Maksim naye alicheka, ila masikio mekundu. Jioni akamwomba bibi asiimbe tena, na toka hapo akawa anamjibu kwa Kirusi tu, lugha yao kaiacha. Jiko likanyamaza. Na Jumapili bibi alikuwa anarudi kwao.

Mama alipopata habari hakunipiga. "We Salim, panda juu. Na sori za kwenye simu sizitaki."

Nikapanda, nikaifuta ile rekodi mbele yao, nikaomba radhi. Bibi akasema kitu, na Maksim akatafsiri huku amenuna: "Anasema umechukua wimbo wake, sasa mpe wako."

Wangu? Nilichokuwa nacho ni kile anachokiimba mama puani akikanda chapati. Nikakiimba, sauti inakwaruza kama lifti yetu. Bibi akafumba macho, akaingia na wake polepole, pembeni ya wangu. Dirisha likajaa ukungu, nisijue tena niko nchi gani. Maksim akamwegemea, akamnong'oneza kwa Kiudmurti. Sikuuliza nini.

Basi mwanangu, chekesha watu, hata mimi siachi. Lakini usimcheke mtu kwa kile anachokiimba akijiona yuko nyumbani. Na ukiitwa kwa lugha ya kwenu, itika kwa hiyohiyo. Mungu akupe sauti, akupe na jirani wa kuisikia.

Niliposhuka, mama alikuwa amesimama kwenye ngazi, amesikia yote. Nikajikunyata nikisubiri kelele. Akasema:

"Huo wimbo ni wa bibi yako, wa Pemba. Sikujua kama ulikuwa ukinisikiliza."