Nilijifanya mgonjwa wa mgongo ili mke wangu asiende Houston

Admin, nifichie jina, na kanisa letu usilitaje, maana hapa Fort Worth tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, Mkongo niliyekulia kambini Kigoma. Nina mke na mabinti wawili, na mama mkwe wangu tunaishi naye. Napakia maboksi warehouse. Hata sasa ninavyoandika nimejifungia ndani ya gari, kwenye parking ya kazini, naogopa mtu asinione ninavyolia.

Mke wangu anahudumia wazee. Kwa miaka minne ametamani kusomea unesi, na mwaka huu akapata nafasi chuo kimoja Houston. Dada yake anakaa Sharpstown, hukohuko Houston, akamwambia njoo ukae kwangu, mwaka mmoja na nusu si mwingi, wikendi utakuwa unarudi kwa watoto. Mama mkwe akasema wajukuu atawaangalia yeye. Kila mtu alifurahi, na mimi nilipiga makofi pamoja nao. Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Namjua jamaa ambaye mkewe alikwenda kusoma, na aliporudi alikuja kuchukua nguo zake tu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Nikajiuliza, akishakuwa nesi, akazoeana na watu wenye vyeti vyao, mimi ataniona nani?

Mwezi mmoja kabla ya safari niliteleza kazini nikaumia mgongo. Niliumia kweli, hapo sidanganyi. Daktari alinipa siku kumi za kupumzika, lakini siku ya nane niliamka mzima kabisa. Nilikaa kitandani nikitaka kumwita mke wangu nimpe habari njema. Kabla sijamwita akaingia mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kunivisha soksi. Akasema, "Baba Neema, ukiwa hivi nitakuachaje?"

Nikafunga mdomo. Halafu nikaguna kama mtu aliyechomwa sindano.

Kuanzia siku hiyo nikawa watu wawili. Kazini nanyanyua maboksi kama kawaida. Nyumbani nilisema wamenihamishia kazi ya kukaa, na nikifika mlangoni najikunja. Mke wangu ananikanda kwa maji ya moto, ananisaidia kuoga, kisha anakwenda kuwaogesha wazee wa watu. Baada ya wiki mbili akaniambia, "Nimewaandikia chuo. Nimewaambia siwezi kuja." Akageukia ukutani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Siku hiyo nilikula ugali mpaka nikaongezwa.

Miezi mitatu imepita hivyo.

Jumapili iliyopita tulitoka ibadani, mvua inanyesha, mke wangu akafungulia filamu ya zamani sana ya Kimarekani, zile zilizokuwa nyeusi na nyeupe halafu wakazipaka rangi, watu wana mashavu ya waridi kama wanasesere. Ilikuwa ya kuchekesha. Bwana mmoja anajifanya amepofuka ili mkewe asimwache. Mke akitoka chumbani, bwana anavua miwani myeusi anasoma gazeti. Mke akirudi, bwana anapapasa kuta. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mwanamke mjinga jamani! Unalalaje na mtu usijue kama anaona?" Mimi jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, mgongo huohuo.

Akaenda jikoni kupika chai. Mama mkwe, ambaye Kiingereza hajui, akaniuliza, "Mkwe, huyo bwana ana shida gani?"

Nikamjibu, "Ni kipofu, Mama. Aliugua, macho yakafa."

Akaangalia upande wa jikoni, akashusha sauti. "Kiingereza sikijui, lakini macho ninayo. Huyo anasoma gazeti. Na wewe Jumanne ile nilikuona kwa dirisha, umetoa mfuko wa mchele kwenye gari umeuweka begani. Ulipofika kwenye ngazi ndipo ukainama."

Nilitazama zulia. Nilisubiri anitukane, na angenitukana ningepata nafuu. Akasema tu, "Mimi sitamwambia. Si mimi niliyemdanganya. Mwambie wewe."

Sijamwambia. Na mambo yamezidi. Chuo wamemwandikia tena, wanampa nafasi ya Januari, wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Alinionyesha ile barua kwenye simu akicheka kicheko ambacho si chake, akasema, "Ona, hawajui kama nina mgonjwa." Tena amemweleza mchungaji, na Jumapili hii nitaitwa mbele niombewe na kanisa zima.

Hapo ndipo shetani akaniletea wazo. Niende mbele, waniwekee mikono, ninyooke. Watapiga vigelegele. Mke wangu atawaomba chuo wamsubiri, ataenda kusoma kwa amani, na mimi nitabaki mume aliyeponywa, si mume mwongo. Nilianza hata kufikiria ushuhuda nitakaoutoa. Jana mama mkwe alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akaniambia bila kuinua uso, kama aliyenisoma, "Mwanangu umeshamdanganya. Usimwingize na Mungu."

Nikisema ukweli kabla ya Ijumaa, ataenda Houston, na akienda na hasira hiyo sijui kama atarudi kwangu. Tena nitawatazamaje wanangu usoni? Nikinyamaza, nafasi inapita mara ya pili, na sidhani kama kuna ya tatu.

Mke wangu ameanza kufunga siku tatu kwa ajili ya mgongo wangu. Leo ni siku ya pili. Hajaonja hata chai, na zamu yake ameenda vilevile. Saa sita amenipigia simu kuniuliza kama mimi nimekula.

Ndugu zangu, mnitukane, nastahili. Ila mkimaliza kunitukana, ninyi mliowahi kumkosea mtu anayewapenda, nisaidieni: leo jioni nikifungua ule mlango nimesimama wima, nianze na neno gani?