Sikio la Baba, Kutoka Ipuli

Baba alikataa kuja Tabora mara ya pili. Mara ya kwanza nilimpima masikio mwenyewe katika kliniki ninayofanyia kazi, nikachukua umbo la tundu la sikio lake, akarudi zake Urambo. Kifaa chake cha kusikia kilipofika, tumbaku ilikuwa inakaushwa, na yeye haachi bani, banda la kukaushia, lenye moto kwa sababu ya binti yeyote.

"Nitakuja nikimaliza," alimwambia wifi yangu, mke wa kaka, anayeishi naye.

Mimi nisingeweza kwenda. Nilikuwa nyumbani Ipuli, hapa Tabora, na mtoto wa wiki tatu. Na kifaa kile hakivaliwi tu kama miwani ya sokoni. Lazima kiungwe kwenye kompyuta, programu ikipangie sauti kulingana na sikio la mwenyewe. Baba alikuwa ameacha kupokea simu kwa miaka. Tulizoea kumpigia kelele, kisha tukazoea jambo baya zaidi: kutomwambia lolote. Sikutaka kungoja bani.

Nikaomba kliniki laptopu yenye programu ile. Wifi, ambaye ni mwalimu, akaja kuichukua Jumamosi pamoja na kifaa. Jumapili baada ya misa akaiweka mezani kwa baba, simu moja ya mtandao, nyingine ya kuongea nami. Akanisomea tarakimu zilizotokea kwenye kioo. Nikaziandika kwenye kompyuta yangu, na kioo cha Urambo kikafunguka mbele yangu.

"Wifi! Kishale kinatembea chenyewe!"

"Ni mimi. Usiguse kitu. Mvalishe baba kifaa."

Mtandao ukakatika. Tukaanza upya, ukakatika tena. Nilimsikia baba akisema ana kazi bani, wifi akimbembeleza akae. Safari ya tatu nikavishusha vipimo vyake nilivyokuwa nimevihifadhi mtandaoni, nikapandisha zile sauti nyembamba zilizompotea mwanzo. Kifaa kikapiga mluzi mkali. Nikapunguza kidogo, nikapunguza tena, mpaka ukakoma.

"Mpe simu," nilimwambia wifi.

Kisha nikafanya nilivyozoea. "Shikamoo, baba!" nilipaza sauti hadi mtoto akashtuka mapajani na kuanza kulia.

Nikambembeleza, simu ikiwa sikioni. Nikadhani tumeshindwa.

"Marahaba," akasema. "Mbona unanifokea?"

Nilicheka, machozi yakinitoka.

"Na huyo anayelia ni nani?"

"Mjukuu wako, baba."

"Msogeze karibu na simu." Akamsikiliza mtoto akilia mpaka aliponyamaza, kisha akasema ana mapafu mazuri, akarudi bani.

Soko la tumbaku lilipofunguliwa, alikataa kusindikizwa. Miaka yote kaka ndiye aliyekwenda naye, ampigie kelele sikioni gredi iliyotajwa. Safari hii alisimama peke yake kando ya marobota yake. Mteuzi, mpangaji wa gredi, alifika kwenye robota la tatu, akalitaja jani la chini, lenye bei ndogo, kwa sauti ya chini, akataka kupita.

"Rudi hapo," baba akamwambia. "Hilo ni jani la kati. Lifungue."

Lilifunguliwa mbele ya wakulima wote. Mteuzi akachomoa majani, akayageuza juani, akaibadili gredi. Watu wakapiga makofi.

Haya sikuyapata kwa wifi. Baba mwenyewe alinipigia simu jioni ile, akanisimulia toka robota la kwanza hadi la mwisho, nami sikumkatiza hata pale aliporudia. Alipomaliza akauliza kama kliniki ina vifaa vingine, maana jirani yake, fundi seremala, naye haambiwi kitu akasikia.

"Mwambie aje kupimwa," nilisema. "Kifaa chake tutakipangia hapo hapo mezani kwako."

Kabla ya mvua kuanza, laptopu ile ilikuwa imekwenda Urambo mara nne. Mara zote wageni walikaa mezani kwa baba, na yeye ndiye aliyenisomea zile tarakimu kwenye simu.