Mfugaji wa Nzi wa Nyamiaga

Saa kumi na mbili asubuhi. Mkuu wa idara nyeti kuliko zote katika shule hii ya bweni ya Nyamiaga anawasili kazini. Ana mifugo zaidi ya elfu moja. Yote ni nzi.

Ni nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Mkuu huyo, mhudumu wa maabara Agripina Ntakirutimana, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupiga mwayo.

“Nimechoka, mwanangu,” anamwambia mwandishi, anayelala chumba cha wageni cha shule wiki hii. “Hawa hata Jumapili wananisubiri.”

Alfajiri huwapondea ndizi alizoivisha shimoni nyumbani kwake, kijijini Mbuba. Nzi hutaga juu yake, na mayai hupelekwa mbio kwenye hadubini.

“Kwenye ncha ya nyuma ya kiinitete kuna seli chache za mviringo,” anaeleza Mwalimu Frednand wa baiolojia. “Seli nyingine zinaanza kusoma jeni zao, ziwe utumbo, ziwe misuli. Hizi zina protini inayozizuia kusoma. Zikisoma mapema zitapotea mwilini, na nzi huyo hatapata uzao.”

“Zinanyamazishwa,” anasema Agripina. “Laiti wangu wa nyumbani wangekuwa hivyo.”

Lakini mara mbili sasa darasa limekuta hatua hiyo imepita. Mkuu wa shule ametoa kauli: leo ikishindikana, chupa zitupwe, Agripina arudi kulima maharage.

“Mama, siku hizo mbili nzi walikula saa ngapi?” anauliza mwalimu.

“Jua limeshapanda! Naacha chane hapa jioni, asubuhi nakuta maganda. Mpaka nirudi kutoka sokoni na nyingine…”

“Ndiyo maana. Nzi asipoona pa kutagia hubana mayai tumboni, yanakua humo humo. Akitaga, tumeshachelewa.”

Agripina anafunua sinia la ndizi za leo. Maganda tena. Anarudi kuketi kwenye ndoo yake.

“Nilitaka darasa hili moja tu lifaulu,” anasema, “wanipe ajira ya kudumu, nikasomee ufundi wa maabara.”

“Labda ni panya, mama,” mwandishi anapendekeza kwa upole.

Agripina anageuka taratibu.

“Panya anamenya?”

Mwalimu anakohoa. Mwandishi anatazama dirisha.

“Nyanyuka,” Agripina anamwambia mwandishi. “Twende kwa Mkuu ukamweleze mwenyewe, kabla hajazitupa chupa zangu.”

Mwandishi wa makala haya anakiri, akiwa mlangoni kwa Mkuu: ndizi zilikuwa tamu, na nzi hawakuwa na kosa lolote. Wala Mama Agripina.