Shahidi Asiyeapa

Habakuki alikuja Mazinde mwaka wa hamsini na tatu kukata mkonge, akitokea Kavirondo, Kenya, ambako wazazi wake walikuwa wa dini ya Marafiki, yaani Quaker. Dini hiyo ilimwachia mambo mawili ambayo manamba wenzake waliyacheka: hapigi mtu, na haapi. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Ukitaka aongeze "haki ya Mungu", anakutazama tu kama umemtukania mama.

Uhuru ulipopatikana aliacha mkonge, akalima. Mwaka 1974 mgambo waliwaswaga wote, yeye, Wazigua na Wamasai wachache, hadi kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa kutwa kutoka Korogwe, mahali ambapo hata maji ya kunawa yalikuwa ya kuombana.

Mwezi wa pili tangu wahamie, mbuzi wa Bi Mwatumu, mjane, akapotea. Habakuki alijua alikokwenda. Akiokota kuni nyuma ya ofisi ya kijiji, aliwaona Katibu Valerian na mgambo Sadala wamechuchumaa kwenye sufuria, mafuta yanawatiririka kidevuni, wanagombania figo. Ngozi wameiwamba kwenye ukuta wa choo cha ofisi, inzi wameifunika. Sadala alimwona, akacheka huku anatafuna. Habakuki akageuza uso.

Kesho yake mgambo walimkamata Moreto, mfugaji wa Kimasai, kwa wizi wa mbuzi huyo. Kabla baraza la kijiji halijaanza, ng'ombe wake wawili walikuwa wamekwisha kutengwa, eti fidia ya kijiji.

"Mimi niliona," Habakuki alisema kwa sauti ndogo.

"Shahidi huapa kwanza," Katibu akamsogezea Biblia. "Shika."

"Siapi, Ndugu Katibu. Nitasema kweli bila kuapa."

"Mnamsikia? Mkweli gani anaogopa Biblia!"

Watu wakaguna. Kwao, mtu anayekwepa kitabu ana lake moyoni.

"Apa, baba, unatuangusha," Bi Mwatumu alimsihi. "Mbuzi ni wangu. Unaficha nini?"

"Sadala, mfundishe," Katibu akasema.

Sadala akaweka kiganja juu ya msahafu. Kwenye kucha bado kulikuwa na weusi wa sufuria. "Wallahi, nilimwona Moreto akimburuta mbuzi." Hata hakupepesa macho.

Habakuki akasogea hatua moja. Akaitazama shingo nene ya Sadala, na ngumi yake ikajikunja yenyewe. Akaikunjua kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda kuketi mavumbini karibu na Moreto, akanyoosha mikono ifungwe.

"Mkimpeleka huyu, nipelekeni na mimi."

"Ondoka hapo, mzee mjinga!"

Walimpiga mateke. Hakuondoka.

Asubuhi walishika njia ya kwenda polisi Korogwe: Moreto mbele na kamba mikononi, Sadala na fimbo, na Habakuki nyuma, asiyeitwa na mtu. Sadala alimfukuza kwa fimbo mara nne. Mara nne alirudi.

Kituoni Korogwe, koplo akauliza, "Na huyu kaiba nini?"

"Hajaiba, afande. Ana wazimu wa dini."

"Nina la kusema," Habakuki alisema, "ila siapi."

"Nani kakuapisha? Hapa tunaandika tu. Sema."

Akasema: sufuria, figo, choo, ngozi.

"Na figo alipata nani?" koplo akauliza, akicheka.

"Huyu."

Sadala akatazama viatu vyake.

Polisi walipofika kijijini ngozi ilikuwa palepale ukutani. Hakuna aliyejisumbua kuitoa. Bi Mwatumu aliitambua kwa baka lake jeupe. Moreto alitoka mahabusu siku ya sita, akakuta ng'ombe mmoja hajulikani alipo. Katibu alihamishwa na cheo chake kilekile, akaagwa kwa ngoma. Sadala alivuliwa sare, basi.

Moreto akamngojea Sadala njia ya kisimani, rungu mkononi. Habakuki akasimama katikati.

"Nipishe, mzee. Pigo moja tu."

"Hapana."

"Kumbe unampenda?"

Habakuki akageuka kumtazama Sadala, aliyekuwa amejikunyata nyuma yake, kamshika shati kwa vidole vilevile.

"Ananichefua," alisema. "Kunishika tu hivi, nasikia kutapika. Lakini humpigi."

Moreto alishusha rungu. Akatema mate, akaenda zake. Habakuki akamtoa Sadala vidole shatini, akaenda kuomba maji ya kunawa.